Swali Kutoka Dirisha Lililofungwa

Jua lilikuwa linazama Fundi alipotumwa kuangalia kwa nini seva ya hospitali inajikokota. Ndiyo mashine iliyotunza taarifa za wagonjwa wote, na yeye ndiye aliyeitunza mashine. Jioni ile hakuna aliyetaka ifanye haraka kuliko yeye. Binti yake wa miaka minne alikuwa amelazwa ghorofani, anachemka kwa homa, na majibu yake ya maabara yalikuwa yamekwama humo ndani. Bila majibu, daktari hakutaka kuandika dawa.

Mfamasia alichungulia mlangoni akasema mashine leo inatembea kwa magoti, labda itafutiwe mkongojo. Fundi hakucheka. Hakukasirika pia. Tangu mtoto aanze kuumwa, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: anajua ni wake, ila hausikii.

Alifungua ukurasa unaoonyesha mashine inaulizwa nini, na nani. Siku zote maswali hupita mbiombio kama siafu. Jioni hii moja lilikuwa limekaa. Lilisoma wagonjwa wote, mmoja mmoja, tangu hospitali ianze kutumia kompyuta, kwa sababu lilimtafuta mtu bila jina. Mengine yote yalipanga foleni nyuma yake.

Alilikata.

Likarudi.

Akalikata tena. Feni zikanyamaza kidogo... kisha zikavuma, na swali likaendelea pale pale lilipoishia. Hapo alisita. Swali likikatwa huanza upya. Hili halikuanza upya.

Lilitoka kwenye kompyuta ya dirisha la zamani la mapokezi. Alimpigia simu mlinzi, naye akamwambia dirisha lile lilishapigwa mbao, hata nyaya ziling'olewa. Halafu mlinzi akashusha sauti.

"Dada, kuna mama alikuwa anakaa pale kwenye benchi. Alipotelewa na mtoto humu humu. Kila jioni anauliza, anaambiwa subiri mama, mashine bado inatafuta."

"Akampata?"

"Alifia kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia aache kusubiri."

Fundi aliweka simu chini. Chumba kilianza kunuka nguo mbichi, iliyokunjwa kabla haijakauka.

Ghorofani mwanawe anachemka. Swali lisilokatika, mafundi hulitengenezea faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, ili liende moja kwa moja bila kusoma kurasa zote. Mikono yake iliijua kazi hiyo. Hakufikiri. Aliandika, akabonyeza.

Mashine ikashusha pumzi.

Foleni ikayeyuka. Majibu ya maabara yakatoka. Na swali la dirishani likajibiwa.

Jibu lilikuwa mstari mmoja.

Ndipo aliposoma kwa makini lilichokuwa linauliza. Mtoto wa kike. Miaka minne. Amelazwa. Nafasi ya jina la mama iko tupu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikisha binti yake, mbiombio, akiruka nafasi ambazo wafanyakazi wanajua zinarukika. Nani pale asiyejua huyu ni mtoto wa Fundi?

Akafungua taarifa za mtoto ili ajaze jina lake.

Nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Lilikuwa jina la mwanamke asiyemjua. Alilifuta. Likarudi polepole, herufi moja moja, kama linaandikwa na mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Muuguzi alimpokea mlangoni mwa wodi, akamnong'oneza kwamba homa imeshuka ghafla, na kwamba yule ndugu yake aliyekaa na mtoto ana mkono mwema.

Fundi hakuja na ndugu yeyote.

Kando ya mtoto hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limebonyea, upana wa mtu aliyeketi. Harufu ya nguo mbichi ilikuwa imemtangulia.

Mtoto akafumbua macho.

"Mama," alinong'ona. "Usikae hapo."

Daktari aliwaruhusu. Damu ilikuwa safi, hakuona cha kuandika. Nyumbani, mama mkwe alifurahi hadi akaimba. Baadaye aliuliza mara moja tu kwa nini mjukuu wake, akiitwa mwanangu, hugeukia kwanza upande mwingine, pasipo na mtu. Hakuuliza tena.

Fundi anaweza kuiondoa ile faharasa. Ni kazi ya mstari mmoja. Swali litaanza tena kutambaa, na mtoto hataonekana kirahisi. Lakini homa je, haitarudi? Kila jioni huweka vidole juu ya vitufe, kisha huviondoa, akafunga ofisi.

Wanalala kitanda kimoja, yeye na binti yake. Taa ikizimwa, godoro la upande wa pili hubonyea... taratibu, kama mtu aliyechoka sana.

Fundi hageuki kutazama. Husogea tu ukutani, akaacha nafasi.