Jumanne za Della

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alipima joto la maji kwenye tangi la samaki na kuliandika kwenye jedwali ukutani. Tangini mlikuwa na vifaranga wa samoni, samaki wa maji baridi, ambao darasa lingewaachia mtoni mwezi Aprili. Zamu ya Della Niemi ilikuwa Jumanne.

Ijumaa moja wazazi walialikwa kueleza kazi zao, naye mama yake Della, Bi Ingrid, akaja. Emmett, mwanafunzi mwenzake, alianza uchokozi tangu langoni.

"Eti mamako mkemia! Mbona kila siku yuko nyumbani amevaa soksi tu?"

"Subiri umsikie," Della akamjibu.

Bi Ingrid alisimama mbele ya darasa. "Nilitengeneza rangi za maboti kiwandani miaka kumi na miwili. Kila jaribio lilitoa namba, na namba zilizagaa madaftarini, kwenye vipande vya karatasi, hata kwenye kiganja cha bosi wangu!"

Darasa likaangua kicheko.

"Nikaanza kuzipanga. Nikajifunza kompyuta kwenye meza ya jikoni. Wenzangu wakawa wananiita kila wakikwama, kisha maabara nyingine zikaniita. Sasa nawashauri wanasayansi jinsi ya kutunza na kusoma takwimu zao."

"Kwa hiyo ukemia umeutupa?" Emmett akauliza.

"Wapi! Asiyejua rangi inavyokauka atajuaje namba ipi inamdanganya?"

Mwalimu Barstow akafurahi. "Basi tusomee na namba zetu."

Bi Ingrid akalisogelea jedwali. Tabasamu likapungua. "Joto linapanda kila wiki. Lakini Jumanne ni nyuzi kumi kamili, wiki nne mfululizo. Maji hayapoi siku moja kisha yakapata joto tena. Nani hupima Jumanne?"

Della alihisi masikio yakiwaka moto. Jumanne zote hizo aliwahi uwanjani kucheza mpira, akaandika tu namba iliyompendeza. Angeweza kunyamaza. Akawatazama vifaranga, wamejibanza chini ya tangi.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Sikupima. Nilibuni."

Mama yake akavuta pumzi. "Ahsante kwa kusema. Haya, zifute hizo nne. Zilizobaki zinasemaje?"

"Maji yanazidi kupata joto," Della akajibu polepole. "Mashine ya kupoza maji ya tangi haifanyi kazi vizuri!"

Mwalimu alipoifungua mashine, akakuta vumbi limeziba matundu yake. Emmett akakimbilia brashi, Della akashika tochi. Kufikia Jumatatu joto lilikuwa limeshuka, na vifaranga wanakimbizana tangini. Della aliomba apime kila siku kwa mwezi mzima, na hakukosa hata moja.

Aprili walishuka mtoni na ndoo zao. Della alihesabu vifaranga kikombe kwa kikombe, Emmett akiandika.

"Mia na tisini na mmoja."

"Tuandike mia mbili bwana, inapendeza zaidi!"

"Mia na tisini na mmoja, Emmett. Andika!"

Mwalimu Barstow akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Mmeona, wanangu? Namba ya kweli, hata ikiwa mbaya, inatuonyesha pa kuanzia. Ya uongo inatubembeleza mpaka tuchelewe. Della alisema kweli mapema, ndiyo maana leo tuna cha kuachia."

Ndoo ya mwisho ikainamishwa, na watoto wakapiga vigelegele samaki walipoupata mkondo.