Masizi ya Moto wa Matanga

Apa kwanza. Weka mukono ku kifua, useme hautaambia mutu. Vizuri. Miye pia niliapa mbele ya Léa, muke wa Mbusa... na ona, hata juma moja haijapita.

Mbusa wa hapa Bungulu alikuwa anatosha picha za bafu, za batu baliokufa, ku mashine kwake nyumbani, nyeusi na nyeupe, za kuweka ku matanga. Mais imprimante yake, ile mashine, ilichanganya rangi tatu juu ya kupata nyeusi. Ku papier, karatasi ya kung'aa, mufu alitoka kijani. Ku ile nzito isiyong'aa, wino ulizama, uso ukabaki kama majivu. Batu bakacheka: "Mbusa, umepika mufu wetu na sombe, majani ya muhogo?"

Haya ikamukula. Akaanza kwenda misa akipitia nyuma ya nyumba za batu.

Fundi mumoja wa Butembo akamuambia kama wino usiochuja unatoka ku masizi. Akajaribu masizi ya jiko lake: ikatoka rangi ya udongo. Kisha Mama Anne-Marie akafariki, na mutoto wake Salomon akaleta picha ya mama yake. Ku matanga, katikati ya kiwanja, kulikuwa sufuria kubwa ku moto. Ule moto, hakuna mutu anatosha hata kaa moja mupaka siku ya kuondoa matanga. Mbusa alijua. Akaparura chini ya sufuria na kisu, batu bakiimba. Akasaga, akachuja, akajaza imprimante.

Uso ukatoka mweusi wa kweli. Salomon akaulilia. "Mama iko hapa."

Kweli, alikuwako.

Kesho yake Mbusa akatosha picha ya Yasmine, bibi-arusi. Nyuma ya bega la Yasmine... muzee mumoja mwanamuke. Akabadilisha papier. Ku ile ya kung'aa, muzee aliteleza pembeni. Ku ile nzito, alisogea karibu. Nyumba ikanuka moshi, na jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

Mbusa akachomoa waya ya umeme.

Krrr... krrr...

Picha ya tatu ikatoka. Yasmine hakuwamo tena.

"Rudisha," Léa akanong'ona. "Rudisha ile masizi kabla baondoe matanga. Kama hapana, atabaki kwetu."

Magaribi, batu bakiwa ku rozari ndani ya nyumba, Mbusa akapiga magoti ku moto, akapakaa masizi iliyobaki chini ya sufuria na kiganja. Rozari ikanyamaza. Taa ikawaka mulangoni.

"Mbusa," Salomon akasema polepole. "Unaiba nini ku moto ya mama yangu?"

"Ninarudisha."

"Donc ulikuwa umeiba," mama mumoja akasema, rozari ingali mukononi.

Kiwanja kizima kikamutazama. Mbusa akainuka, macho chini, akajishika ku ukuta mweupe wa chokaa. Alipoondoa mukono, ku ukuta hakukuwa alama ya vidole.

Kulikuwa uso wa Mama Anne-Marie. Na katika wale batu wote, ulimutazama Mbusa peke yake.