Nafasi ya Nne Imehifadhiwa

Haya yalimpata dada yangu wa damu, Kokushubila, ambaye nyumbani tunamwita Koku. Ninayaandika kwa mpangilio kwa sababu ofisini yanasimuliwa vibaya. Kazi yangu ni kuandika lebo za sampuli za kahawa. Nikiandika K badala ya M, kahawa ya Muleba inakuwa ya Karagwe. Herufi moja si kitu kidogo.

Jumatatu ile tuliondoka nyumbani Kagondo kwenda ofisini Bukoba saa moja na dakika arobaini. Mvua ya kutoka ziwani ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika tukiwa njiani. Ilikuwa siku ya kwanza ya dada akiwa Mkaguzi Mkuu, badala ya mzee wetu, Ta Byabato, aliyefariki wiki tano kabla. Alivaa blauzi mpya ya bluu, bado ina mikunjo ya dukani. Alikuwa akiimba.

Uwanja wa maegesho nyuma ya ofisi una nafasi saba. Ya nne, iliyo karibu na mlango, ina kibao cha bati chenye maandishi meusi: IMEHIFADHIWA. Chini yake: MKAGUZI MKUU. Dada aliingiza gari hapo. Hata hajazima injini, mlinzi wetu, Yunus, alikuwa ameshafika dirishani.

"Shikamoo, Yunus."

"Marahaba. Toa gari hapa."

"Kibao kimetaja cheo, hakikutaja jina. Cheo ni changu."

"Mwenyewe hajazikwa."

Hilo lilikuwa kweli. Mjane wa Ta Byabato, Ma Renatha, alitaka azikwe kwenye kibanja cha migomba walichonunua Kagondo. Kaka za marehemu walitaka alale kwenye kibanja cha baba yao, Kimwani, nao walikuwa wamekwenda mahakamani. Siku hiyo ilikuwa ya thelathini na sita mwili ukiwa umehifadhiwa mochwari. Na kwetu Wahaya, kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka yeye awe ardhini, na mrithi akalishwe mbele ya ukoo. Dada alilijua hilo kuliko mimi. Kwenye msiba wa babu, nikiwa na miaka tisa, ndiye aliyenivuta sikio kuniondoa kwenye kigoda cha marehemu.

"Hiki si kiti," alimwambia Yunus. "Ni lami."

Mlangoni alikuwa amesimama Rutaihwa, mkaguzi mwenzake aliyeomba cheo hichohicho akakikosa. "Mwache, Yunus," alisema. "Mwenye haraka hazuiwi."

Nilimpiga dada picha kando ya kibao. Niliposhusha simu ndipo nikaona. Uwanja mzima ulikuwa umelowa, madimbwi kila mahali. Nafasi ya nne tu ilikuwa kavu. Mstatili mkavu, mrefu kuliko gari letu, kana kwamba gari jingine lilikuwa limelala hapo, likaondoka dakika moja kabla yetu.

Jumanne, saa kumi na nusu, tulikuta kiti cha dereva kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Dada ni mfupi. Huendesha kifua kikikaribia usukani. Ufunguo ulikuwa mkobani mwake siku nzima. Ta Byabato ndiye aliyekuwa mrefu, mtu wa kukunja magoti hata kwenye kiti cha ofisi. Juu ya kiti kulikuwa na nusu ya punje ya kahawa ya kutafuna. Mzee yule alikuwa na desturi hiyo: akikutana na mtu anayempenda, anaipasua punje, nusu yake anakupa.

Niliitupa dirishani. Ilikuwa baridi kama kokoto ya mtoni.

Jumatano dada alivaa sweta. Alhamisi alivaa mawili. Kucha zake zilikuwa na rangi ambayo siipendi kuiandika. Hakuna aliyemwitikia salamu. Mtu alikigeuza kikombe cha chai cha dada kifudifudi mezani, na kila alipokiinua, akitoka na kurudi anakikuta kimefudikizwa tena.

"Madamu, unasikia baridi?" Rutaihwa alimuuliza mbele ya watu. "Ipo sehemu hapa mjini yenye baridi zaidi. Nasikia kuna mtu anataka kukuachia nafasi."

Walicheka. Sikumwona hata mmoja aliyezuia kicheko.

Jioni hiyo nilimsihi. "Dada, tuwe tunaegesha barabarani. Mpaka azikwe tu."

"Nikitoa gari leo, kesho watanitoa mezani. Wanasubiri nitetemeke, Nancy."

"Unatetemeka tayari."

Aliwasha wipa. Hapakuwa na mvua. Ukungu ulikuwa ndani ya kioo.

Ijumaa, saa sita na dakika kumi mchana, dada alishuka kuchukua miwani yake garini. Jua lilikuwa kali. Saa sita na ishirini na moja alikuwa hajarudi. Nilishuka ngazi nikihesabu. Ngazi kumi na nne.

Vioo vyote vilikuwa vyeupe. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Nilipoweka kiganja kwenye kioo, kilinata kwa baridi, na nilipokiondoa kilibaki kidirisha cha umbo la mkono wangu. Nilichungulia humo.

Kiti kilikuwa kimelazwa. Dada alikuwa amenyooka juu yake, mikono ubavuni. Macho wazi. Viatu hakuna. Vidole gumba vya miguu vilikuwa vimefungwa pamoja kwa bandeji.

Nilipiga kelele. Yunus alitoka kibandani. Rutaihwa alitoka mlangoni. Wengine walisimama madirishani juu.

"Nisaidieni! Mtoeni!"

"Si ni nafasi yake?" Rutaihwa alisema.

Niliokota jiwe, nikavunja kioo cha mlango wa nyuma. Harufu iliyotoka ilikuwa ya dawa, ile inayochoma macho. Nilipenyeza mkono, nikafungua mlango, nikapanda. Dada hakugeuza kichwa. Midomo yake tu ndiyo iliyosogea.

"Tumebadilishana," alinong'ona.

Nilishusha breki ya mkono. Nikatoa gia. Nikashuka, nikasukuma kwa bega. Gari halikusogea hata inchi moja. Gari dogo vile. Kwenye lami tambarare.

Yunus alikuja mpaka nyuma yangu. Hakusukuma. Alininong'oneza sikioni, kwa hasira.

"Mmeingia kwa mtu bila hodi. Sasa mnataka kutoka bila kuaga. Mlifundishwa na nani?"

Nilikuwa nalia. Nilisema kwa adabu ya Kihaya, "Ta Byabato, waitu. Hodi."

Ndani ya gari, kwa kinywa cha dada yangu, sauti nzito ya mwanamume ikajibu.

"Karibu."

Yunus aliruka nyuma. Mimi sikuweza hata kuruka. Nilisema, "Hapana, mzee. Hatukai. Tulikosea. Tunakurudishia nafasi yako."

Nilihesabu hadi tisa.

Gari lilirudi nyuma lenyewe, polepole, likasimama katikati ya uwanja. Dada alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Hospitalini muuguzi alimpima joto mara tatu, kisha akabadilisha kipimo. Nyuzi thelathini na nusu. Aliuliza nani amemfunga vidole, nikasema sijui. Aliikata bandeji kwa mkasi, akaikagua, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Hii si ya wodini," alisema, akatoka nayo.

Saa tisa alasiri Ma Renatha aliingia wodini bila kubisha. Alisimama miguuni pa kitanda. Nilidhani amekuja kumpa pole mgonjwa.

"Nimepigiwa simu kutoka mochwari," alisema. "Mume wangu amekutwa na joto. Jokofu halijazimika, umeme haujakatika, lakini ana joto kama mtu aliyeota jua. Na vidole vyake vya miguu vimefunguliwa bandeji." Alimtazama dada muda mrefu. "Mlimpa mahali pa kukaa, naye akakaa. Mimi na shemeji zangu tulimnyima siku arobaini. Sitawashukuru."

Akaondoka. Jioni ileile aliwaambia shemeji zake wamchukue.

Walimzika Kimwani, Jumanne, saa nane mchana, kati ya migomba, kando ya baba yake. Nilikwenda. Nilitaka kuona kwa macho. Niliona jeneza likishuka, niliona udongo ukijaa na kupigwa jembe, nikaona mrithi, mtoto wa kaka yake, Mujuni, akikalishwa kwenye kiti mbele ya ukoo. Kila kitu kilifanywa kama inavyopaswa. Nilirudi Bukoba nikiwa mwepesi.

Dada alipona haraka kuliko daktari alivyotarajia. Alirudi nyumbani Kagondo, akala, akacheka, akavua masweta. Uongozi ulimwandikia kwamba cheo bado ni chake na nafasi ya gari pia. "Sasa amezikwa," aliniambia. "Sasa ni halali yangu kabisa. Jumatatu naegesha palepale, na Rutaihwa anitazame."

Leo ni Ijumaa. Mchana nilishuka kuitazama nafasi ya nne. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na lami ilikuwa imelowa yote, kama kwingine. Nilifurahi. Kisha nikainua macho kwenye kibao.

UMEHIFADHIWA. MKAGUZI MKUU.

Niliikwaruza herufi ya kwanza kwa ukucha. Rangi ni ileile ya zamani, imepasuka na kushika kutu sawasawa na nyingine zote. Yunus anaapa hakuna aliyekigusa. Nilifungua simu, nikatafuta picha ya Jumatatu ile ya kwanza, dada na blauzi yake ya bluu, nikaikuza mpaka kibao kikajaa kioo cha simu.

Hata humo ni U.

Nafasi imehifadhiwa. Mwili umehifadhiwa. Hiyo ni sarufi ya darasa la nne, na mwili wa Ta Byabato uko ardhini Kimwani, nilihesabu majembe ya udongo. Kwa hiyo U hiyo si yake.

Dada yuko chumba cha pili, anapiga pasi nguo za Jumatatu. Sijamwambia bado. Ameniomba nimletee sweta.