Dishi la Orville Teague

Dishi halikuwepo.

Verna Teague alikuwa amerudi kutoka Los Algodones, ng'ambo ya mpaka, alikolala siku mbili akitiwa meno mapya. Wastaafu wa jangwa la Yuma hutengenezea meno huko kwa bei nafuu, maana wakubwa wao waliwaacha wazeeke, kisha wakawaambia meno ni anasa. Aliweka mkoba chini, akawasha runinga. Kioo kikamwambia hakuna mawimbi. Akatoka nje, akainua macho kwenye paa la gari-nyumba lake. Pale marehemu mumewe, Orville, alipofunga dishi, palikuwa na anga tupu.

Alipiga simu polisi mwenyewe.

Inspekta Yolanda Bustamante alifika kabla ya adhuhuri. Alimkuta meneja wa kambi ya magari-nyumba, Clifford Stroud, keshasimama pale na rundo la funguo kiunoni. Ndivyo walivyo mameneja: bomba la maji likipasuka huwaoni, polisi wakija wapo mbele. Stroud alisema mwizi akipatikana atafukuzwa siku hiyohiyo, hata awe mpangaji wa zamani vipi. Kisha, bila kuulizwa, akakumbusha kwamba Jumatatu ni ukaguzi, na gari lolote lenye paa linalovuja litaondoka kambini.

Gari la Verna lilikuwa kuukuu. Nyumba yao ya Nebraska ilikwenda na ugonjwa wa Orville. Hospitali ilichukua nyumba, mauti yakachukua mtu. Akitolewa hapo, hakuwa na pa kwenda.

Bustamante alimketisha kwenye kiti cha turubai.

"Dishi lenyewe lina thamani gani, mama?"

"Dukani hakuna atakayelitaka."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu."

"Basi umetuitia nini?"

Verna aliinama. "Orville alilifunga akiwa ameshaanza kuumwa. Mimi nilishika ngazi, yeye akatoboa." Meno mapya yalikuwa bado yanagombana na ulimi, akayapanga. "Ndicho kitu cha mwisho alichonifanyia kwa mikono yake, mwanangu."

Inspekta hakuandika neno. Alivaa glavu, akapanda ngazi ya nyuma ya gari.

Paa lilikuwa limejaa vumbi la jangwa, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa meza ya chai. Hapo palikuwa safi. Alitarajia kuona matundu ya skrubu yaliyoachwa wazi. Hakuona hata moja. Mpira uliotandikwa juu ya paa ulikuwa umekatwa kwa mstari ulionyooka, ukabandikwa mwingine mpya, na pembeni pamezungushiwa gundi iliyokuwa bado laini. Ule waya wa runinga ulikuwa umekunjwa vizuri, ncha yake imefungwa kwa mfuko wa plastiki ili mvua isiingie.

Alama za vidole hazikuwepo. Aliyefanya kazi alikuwa amepangusa gundi yote kwa kitambaa. Lakini vumbini alikuwa ameacha njia yake: duara la goti la kushoto, na kando yake mfereji mrefu wa mguu ulioburutwa.

Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayeiba kisha anaziba?

Aliposhuka, alimuuliza Stroud ni nani kambini mwenye goti bovu.

"Inspekta, kambi hii yote ukiikusanya hupati magoti manne mazima," alijibu meneja, akacheka peke yake.

Bustamante alimwacha na kicheko chake, akaenda kwenye pipa kubwa la taka. Chini ya maboksi alipata gunia lililofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plaiwudi iliyooza, nyeusi, inayomomonyoka kama keki iliyolowa. Kipande kimoja kilikuwa na matundu manne, na kila tundu limezungukwa na silikoni nyeupe, ile ya kuzibia bafuni.

Alikibeba kielelezo hicho hadi kwenye gari lake, akakifungia. Sasa alijua kilichokuwa chini ya dishi. Alirudi kwa Verna, aliyekuwa amempakata paka wake, na swali moja tu: alipokwenda kutiwa meno, paka huyo alimwachia nani?

Alimwachia Dewey, jirani.

Dewey Lindqvist alikuwa mzee aliyefiwa na mke, kutoka Minnesota, fundi bomba mstaafu, mrefu, mguu wa kulia haukunjiki tangu alipoanguka kazini na tajiri wake akamlipa kwa pole. Alifungua mlango kabla hajabishiwa hodi. Kitandani kwake, juu ya blanketi lililokunjwa, dishi lilikuwa limelala kama mgonjwa.

"Hukulificha," alisema Bustamante.

"Ningelificha wapi? Nyumba yenyewe ndiyo hii unayoiona."

"Ulilitoa lini?"

"Siku ileile basi la wanaokwenda kutiwa meno lilipoondoka."

"Kwa nini?"

Mzee alikaa. Alitaka kumkaribisha kahawa, akasahau katikati, birika likabaki mkononi. Alieleza kwamba alipokwenda kumlisha paka alisikia harufu. Mtu aliyeishi miaka mingi kwenye magari hayo huijua: ni mbao zinazokufa. Akapanda juu, akabonyeza kando ya dishi, kidole kikazama.

"Orville alikuwa mwalimu wa hesabu," alisema Dewey. "Mtu safi, lakini fundi hakuwa. Alitoboa katikati ya mbao, hakutafuta mwamba wa paa, ile boriti inayolibeba. Halafu akaziba na silikoni ya bafuni. Ile haishiki kwenye mpira wa paa, inalala juu yake tu. Kila mgeni wa magari haya hulifanya kosa hilo. Hata mimi nililifanya."

"Ungemwambia mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi ya mwisho ya mumewe ndiyo iliyoozesha nyumba yake?"

"Ungemwambia paa linavuja, basi. Ya Orville ungeyaacha."

Dewey aliweka birika chini.

"Stroud hapandi paa, binti. Wakubwa hawapandi. Hupita na ubao wake, anauliza kila mlango, paa linavuja? Sisi wote tunasema halivuji, hata ndoo zikiwa zimejaa. Verna hawezi. Yule mwanamke hajawahi kusema uongo, hata wa adabu. Angeulizwa, angejibu, na jioni angekuwa barabarani." Akaligeukia dishi pale kitandani. "Nilitaka nimpe ukweli wa kusema. Basi."

"Na dishi?"

"Gundi haijakauka. Nilipanga kulirudisha kabla hajafika. Akawahi kurudi. Nilipotoka nimweleze, Stroud kashasimama pale. Ningesema nini mbele yake?"

Bustamante alimwambia kwamba kuchukua mali ya mtu bila ruhusa kuna jina lake kisheria. Dewey akasema anajua, akanyoosha mikono. Inspekta aliitazama ile mikono, myeusi kwa gundi hadi kwenye kucha, akamwambia aishushe, asimfanye aonekane mjinga.

Alikwenda kwa Verna peke yake. Alimwambia dishi limepatikana, ni zima, na aliyelichukua amekiri. Alipoanza kutafuta maneno ya kueleza mengine, Verna alimkatiza.

"Hizo mbao alizotoa Dewey, zilikuwa zimeoza sana?"

Bustamante hakuwa amemtaja Dewey, lakini swali la paka na lile gunia lililotoka kwenye pipa yalikuwa yamemtosha Verna.

Verna akafungua kabati lililokuwa juu ya kitanda. Ndani, kati ya mashuka, mlikuwa na sufuria ya bati, na kwenye kitako chake maduara ya kutu, moja ndani ya jingine.

"Tone la kwanza liliniangukia usiku wa mazishi," alisema. "Nikaweka sufuria. Ningemwita fundi, angepanda, angeshuka akicheka, na kesho kambi nzima ingekuwa inamcheka mume wangu. Orville alikuwa anapenda kuambiwa kafanya vizuri. Basi nikawa naamka, namwaga maji, nalala."

"Na ukaguzi wa Jumatatu?"

"Nilikuwa nimeshaanza kufungasha." Alitazama dari. "Dewey hakucheka, eti?"

"Hapana, mama. Hakucheka."

Verna alisema hana malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Akasaini maelezo yake kwa herufi za mviringo. Inspekta akafunga jalada: kifaa kiliteremshwa na jirani kwa matengenezo, hakuna kosa.

Stroud hakuridhika. Alitaka kujua ni matengenezo gani hayo, na hakungoja Jumatatu. Alimfuata Verna mlangoni, kalamu mkononi.

"Bi Teague, paa lako linavuja?"

Dewey alikuwa amesimama kwenye kivuli cha gari lake, kofia mkononi. Bustamante, mkono kwenye mlango wa gari lake, aliacha kuufungua.

"Halivuji," alisema Verna.

Meneja alimtazama usoni, akatafuta, asione kitu. Akaandika, akaenda zake. Hakuuliza kama liliwahi kuvuja. Watu wa namna hiyo huuliza kilichoandikwa kwenye karatasi yao tu.

Gundi ilipokauka, Bustamante alipita tena na kile kielelezo cha plaiwudi, akidai anakuja kukirudisha kwa mwenyewe. Dewey alikuwa juu ya paa, ameketi, mguu mmoja umenyooka. Safari hii skrubu zilikuwa zimeingia kwenye mwamba. Kazi iliyobaki ni kulielekeza dishi kwenye satelaiti, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anazungusha juu, mwingine yuko ndani mbele ya runinga anasoma kwa sauti namba za nguvu ya mawimbi. Tangu mkewe afariki, Dewey alikuwa akilizungusha dishi lake peke yake, kidogo, anashuka na ule mguu, anasoma, anapanda tena.

"Arobaini," sauti ya Verna ilitoka dirishani. "Hamsini na tano. Sabini. Umelipita, Dewey, rudi. Rudi kidogo. Themanini."

Dewey alishika dishi kwa mikono miwili, hakusogea. Kule ndani runinga ilianza kuzungumza, na mtu akapenga kamasi.

"Tisini," alisema Verna. "Usiguse tena. Shuka, maharage yanapoa."