Vibati Viwili vya Shemeji

Maiti ilikuwa juu kabisa ya ngazi ya chuma, nyuma ya mlango wa chumba cha injini. Kucha tatu zilikuwa zimevunjika. Marehemu, injinia wa pili wa meli, hakuwa ameungua popote. Kilichomuua ni gesi ya kuzimia moto, ile inayofukuza hewa chumbani mpaka moto ufe, na ikikukuta humo nawe unakufa nao.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa sababu hakuwahi kukimbilia jambo, alianza na mpishi.

"Ulisikia nini?"

"King'ora, afande. Saa nne asubuhi. Nikatoka mbio hadi sitahani kama tulivyofundishwa."

"Nani mwingine alikuwa melini?"

"Injinia Mkuu na shemeji yake, huyo marehemu. Wengine walishuka mjini."

Injinia Mkuu alikuwa amesimama karibu na wenzo wa gesi, macho mekundu. Marehemu alikuwa mume wa dada yake, dada wa pekee.

"Matambara yenye mafuta yalishika moto kule chini," alisema. "Nikapiga king'ora, nikatazama ubao, nikafunga milango, nikavuta wenzo. Ndiyo taratibu."

"Ubao ulisema nini?"

"Si huo hapo? Tazama mwenyewe."

Kila injinia alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Anayeshuka hukitoa kwenye msumari wake ubaoni na kukitia mfukoni. Msumari mtupu maana yake mtu yuko chini, na gesi haifunguliwi. Kwenye msumari wa pili, kibati kilining'inia.

"Alisahau kukichukua," Injinia Mkuu alisema. "Miaka yote namsema kwa hilo, hasikii."

Kobe alikitia kibati kwenye bahasha, akaenda zake chumba cha maiti. Huko daktari alimkabidhi vitu vilivyotoka mfukoni mwa ovaroli ya marehemu: leso, kalamu, na kibati cha shaba. Namba mbili.

Kobe alihisi hasira ikimpanda, naye si mtu wa hasira.

Alasiri alimketisha Injinia Mkuu ofisini kwake, kisha akamwita mjane. Aliviweka vibati vyote viwili mezani.

"Mama, unavitambua?"

Mjane alikigusa kile cha kwenye ubao. "Hiki ni cha zamani. Kilipotea mwaka tuliooana. Kaka akamchongea hiki kingine kwa mkono wake." Alimgeukia kaka yake. "Kumbe ulikipata? Mbona hukutuambia?"

Injinia Mkuu aligeuzia uso dirishani.

"Mumeo alishuka na kibati chake mfukoni," Kobe alisema. "Msumari ulikuwa mtupu. Kuna mtu aliujaza."

"Kaka?"

"Ni mimi," alisema Injinia Mkuu. "Matambara nimeyawasha mimi. Nilimsikia akigonga mlango."

"Kwa nini?" Kobe aliuliza.

"Meli yetu ya zamani iliwaka, watu wawili wakafa. Mitungi ya gesi ilikuwa mitupu. Niliweka sahihi kwamba imepimwa uzito na imejaa, kumbe haikupimwa. Nikamsukumia lawama fundi wa mitungi, akafungwa. Shemeji alijua, akanyamaza kwa sababu ya undugu. Jana akaniambia kwamba Jumatatu anakwenda mahakamani kusema kweli. Mtu niliyemlea kazini, nikampa dada yangu! Alinisaliti."

Mjane alivisogeza vibati vile vikalala sambamba. Mikono yake ilikuwa imetulia kupita kiasi.

"Hakutaka kukuambia," alisema. "Alitaka aende moja kwa moja, wewe usikie huko huko. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nikamwambia huyo ni kaka yangu, damu yangu, si haki asikie kwa watu. Mwambie yeye kwanza, ajiandae. Akasema, haya, kwa heshima yako."

Injinia Mkuu alifunika uso kwa mikono.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema nguo hiyo uivue vipi. Mjane aliinuka. Alichukua kibati kilichotoka mfukoni mwa mumewe, Kobe akamwambia kwa upole kwamba hicho ni ushahidi.

"Basi nipe kalamu yake," alisema mjane. "Jumatatu nitakwenda mahakamani mimi."