Lebo ya Kijivu

Kila siku wakati wa mapumziko, wenzake wakikimbilia uwanjani, Injinia alikwenda chumba cha kompyuta. Jina hilo alibandikwa na darasa zima alipoandika sehemu ya programu ya maktaba inayopokea vitabu vinavyorudishwa. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo shingo yake ilirefuka kidogo.

Kazi yake sasa ilikuwa kusoma malalamiko ya wanafunzi kuhusu programu na kuyabandika lebo. Lebo ya kijani ilisema KUAZIMA, ya bluu KURUDISHA, ya njano KUTAFUTA. Ya kijivu ilisema KOSA LA MTUMIAJI, yaani programu ni nzima, ila aliyeitumia amekosea. Lalamiko la kijivu lilishuka chini kabisa ya orodha, ambako hakuna aliyesoma.

"Lebo si mapambo," mwalimu wa kompyuta alipenda kusema. "Inawaweka ndugu chumba kimoja, ndipo unaona wote wana pua moja."

Jumatatu likaja lalamiko: "Nimerudisha kitabu, programu inasema bado ninacho." Injinia alilisoma mara mbili. Hiyo ilikuwa sehemu yake. Fundi aliyepigiwa makofi na shule nzima hakosei, alijiambia, akabandika kijivu. Jumanne likaja la pili, kijivu. Jumatano la tatu; kijivu. Uongo wa kwanza hubisha hodi, unaofuata huingia bila kuvua viatu.

Alhamisi likaja la nne, kutoka kwa Sindano, msichana mwenzake mwembamba aliyekaa naye dawati moja. Hapo Injinia hakuwa na pa kujificha. Juzi alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akamwona akimkabidhi mkutubi kitabu cha sayansi. Kidole kilisita. Kisha kikabonyeza kijivu.

Alasiri hiyo mkutubi aliingia darasani na karatasi mkononi. "Wewe binti, kitabu cha sayansi kiko wapi?"

"Nilirudisha, mwalimu," alisema Sindano.

"Vitabu vinavyorudi ni vingi, sivikumbuki vyote. Kompyuta inasema unacho."

"Labda amekila," mvulana wa nyuma akadakia.

"Angekila angenenepa," mwenzake akajibu, na darasa likaangua kicheko.

Sindano hakucheka. "Muulizeni Injinia. Alikuwa nyuma yangu."

Nyuso zote ziligeuka. Injinia alikitazama kidole chake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye ukucha. "Sikumbuki vizuri," akasema.

"Basi kesho uje na mzazi," mkutubi alimwambia Sindano. "Na mpaka kipatikane, huazimi kitu."

Mtihani wa sayansi ulikuwa Jumatatu. Jioni Sindano hakumngoja Injinia langoni.

Ijumaa asubuhi Injinia alikuwa maktaba akirudisha kitabu chake, baba yake Sindano alipoingia na binti yake. Alikuwa mwashi, saruji ilikuwa imekaukia viatuni mwake.

"Mama, tumetafuta," alimwambia mkutubi, kofia mkononi. "Tumefumua hadi godoro. Mwanangu si mwizi. Lakini kama kimepotea, nisamehe mimi."

Mtu mzima alikuwa akiomba radhi kwa kosa ambalo Injinia alijua amelificha wapi. Uso ulimwaka. Alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini ilikuwa sakafu imara, pengine aliimwaga mwashi yuleyule.

"Alirudisha," Injinia alisema. "Nilimwona. Na malalamiko yake niliyaficha mimi. Yake na ya wengine watatu."

Mwalimu wa kompyuta akaitwa. Mbele ya wote, Injinia aliziondoa lebo nne za kijivu, akabandika za bluu. Malalamiko yakapanda, yakajipanga pamoja.

"Soma namba za vitabu," mwalimu akasema.

"Sifuri tatu moja saba. Sifuri nane mbili nne. Sifuri..." Injinia akazipitia tena kwa kidole. Zote nne zilianza na sifuri. Sehemu yake ya programu ilikuwa ikiitupa sifuri ya mwanzo, halafu inatafuta kitabu kisichokuwepo.

"Ungebandika bluu, Jumanne tu tungekuwa na ndugu wawili," mwalimu alisema taratibu. "Tungeiona pua."

Mkutubi alikwenda rafuni, akarudi na kitabu cha sayansi. "Nisamehe, binti," alimwambia Sindano akimpa. "Kaa nacho mpaka mtihani upite."

Kurekebisha programu kulichukua dakika kumi. Safari ya kwenda darasani ilikuwa hatua hamsini tu, lakini Injinia aliiona ndefu kuliko dakika hizo. "Sindano alirudisha kitabu," alisema mbele ya wenzake. "Nilimwona. Nilisema sikumbuki kwa sababu kosa lilikuwa langu." Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Alipofika dawatini, Sindano alisogeza begi lake, kidogo tu. "Kumbe mla vitabu ni wewe," akanong'ona.

Mwashi alikuwa amemfuata binti yake hadi mlango wa darasa. Alimwita Injinia nje kwa kidole.

"Shikamoo, baba," Injinia alisema bila kuinua macho. "Nisamehe."

"Marahaba, binti yangu. Nimeshasamehe. Sasa sikiliza, mimi kazi yangu ni kuta. Ufa si aibu. Kila fundi huacha ufa siku moja. Aibu ni kuupaka rangi, halafu ukuta ukamwangukie mtoto wa mwenzio." Akavaa kofia. "Haya, ingia ukasome. Nami nina ukuta nimeuacha nusu."