Mvuke wa Mwisho

Mlio ulitangulia, mkono wa Vieno ukafuata. Ilitakiwa iwe kinyume.

Vieno alikuwa mcheza dansi wa Tampere, Ufini, mwenye miguu ambayo paka wa mji mzima walikuwa wanaionea wivu. Mikononi na miguuni amefungwa mikanda yenye vidude vya kuhisi mwendo vilivyounganishwa na kompyuta: akiinua kiwiko, spika zinalia filimbi, akiruka, zinanguruma. Fundi wake, Ilpo, alijitapa kwamba hata kunguni angemfanya aimbe kwaya. Ukumbi wenyewe ulikuwa sauna ya zamani ya mtaa, bafu la mvuke. Ilpo aling'oa jiko, mawe yake ya kumwagia maji yatoe mvuke akayatumia kukandamiza miguu ya spika zisianguke.

"Ilpo, umechezea kompyuta?"

"Sijagusa kitu. Uzee huo, dada. Mwili unachelewa."

Akacheka peke yake. Ilikuwa saa tisa mchana na giza la majira ya baridi lishaingia, nje baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini.

Mlio wa pili ukaja. Tsss, kama maji juu ya mawe ya moto, na harufu ya matawi mabichi ambayo waogaji hujipigia mwilini saunani ikajaa ukumbi usio na moto hata wa kiberiti, na mguu wa Vieno ukainuka wenyewe, ukazunguka, ukamzungusha na mwenyewe, kasi kuliko pangaboi, goti likialika kama kuni kavu, naye hawezi kusimama wala kulia, kila pumzi inatoka mvuke mtupu.

"Nivue mikanda," alinong'ona. "Goti linavunjika. Sitacheza tena."

Ilpo akachomoa nyaya zote. Spika zikaendelea.

"Mwenye sauna huyo," akasema. Kila Mfini anajua: mkimaliza kuoga, mvuke wa mwisho mnamwachia yeye, mzimu mlinzi wa sauna asiyeonekana, mnaondoka kimya. Ilpo alikuwa amemnyang'anya mpaka mawe.

Akayakokota mawe hadi mahali pa jiko, akayamwagia chupa ya maji. "Mzee, samahani. Huu ni wako."

Mawe yalikuwa baridi kama maiti, lakini maji yalichemka. Spika zikanyamaza, Vieno akaanguka chini, yu hai. Ilpo akamvua mikanda, akaiacha hapohapo, akambeba Vieno hadi nyumbani kwake mwenyewe.

Akamwekea barafu kwenye goti lililovimba kama kabichi, akammiminia kahawa.

"Kesho utacheza kimyakimya," akamtania kwa sauti ya chini.

Vieno akatabasamu kidogo. Hakuna mkanda, hakuna spika.

Tsss.

Wakatazamana. Polepole, mkono wa Ilpo, uleule uliong'oa jiko, ukainuka wenyewe.